Foki ya Kubadili Kina au ya Kina Kimoja? Itazame Fremu Kwanza

Nisikuzungushe. Kama baiskeli yako ya milimani imetoka kiwandani miaka ya karibuni, chukua foki ya kina kimoja, ijaze hewa inayolingana na uzito wako, uende zako ukaendeshe. Ila kama unaendesha fremu ya zamani ambayo hujawa tayari kuiacha, au umeona foki iliyotumika yenye swichi ya kuzungusha pale juu ya mguu wa kushoto na roho imeipenda, basi kaa tuongee. Jibu lako laweza kuwa tofauti na langu, na sababu ya tofauti hiyo haimo ndani ya foki. Imo kwenye fremu.

Tukubaliane maneno kwanza. Foki ni ile miguu miwili ya mbele inayoshika gurudumu na kubonyea kwenye mashimo na mawe. Ninaposema kina, namaanisha milimita ambazo foki inaweza kubonyea kabla haijagota mwisho. Foki ya kina kimoja ikitoka dukani na milimita 160 inabaki na 160 mpaka mtu aifungue. Foki ya kubadili kina ina swichi: ukiwa chini ya mlima unaishusha hadi, tuseme, 130, ukifika juu unairudisha 160. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hulipita haraka. Kinachopungua si uwezo wa kubonyea peke yake. Foki nzima inafupika, na pua ya baiskeli inashuka nayo. Watu hudhani foki hushushwa ili isichezecheze unapokanyaga pedeli, lakini hiyo ni kazi ya swichi nyingine, ile ya kuifunga. Kushusha foki ni kubadilisha pembe za baiskeli nzima ukiwa njiani.

Swali hili halikuwepo zamani. RS-1, foki ya kwanza ya kampuni ya RockShox iliyotoka 1989, ilikuwa na karibu milimita 50 tu za kubonyea, na mwaka uliofuata Greg Herbold aliitumia kutwaa ubingwa wa dunia wa kuteremka mjini Durango, Colorado. Foki ya milimita 50 uishushe wapi? Tatizo lilianza kina kilipofika 130, 140, halafu 160, na watu wakataka baiskeli hiyohiyo iwapandishe mlima wenyewe, bila gari wala lifti, kisha iwateremshe kwa kasi kwenye mawe.

Angalia kinachotokea ukipanda. Kwenye tambarare foki hukaa imebonyea kidogo kwa uzito wako, kawaida asilimia 20 hivi ya kina chake. Kwa foki ya 160 hizo ni milimita 32. Mlima unapoanza, uzito wako unahamia gurudumu la nyuma. Foki inapungukiwa mzigo, inanyanyuka, sehemu kubwa ya zile milimita 32 inarudi. Wakati huohuo shokapu ya nyuma inazidi kuzama. Yaani baiskeli inanyanyua pua na kukalia mkia, kinyume kabisa na unachokihitaji. Nyonga zinabaki nyuma sana ya ekseli ya pedeli, mgongo unajikunja kutafuta usukani, na gurudumu la mbele linatangatanga njiani kama mbuzi aliyekata kamba. Unalielekeza kulia, linazidisha kulia; unalirudisha, linapitiliza kushoto. Usukani ukiwa umelala sana, yaani mhimili unaouzungusha ukiwa umeegemea nyuma, gurudumu likigeuzwa kwa mwendo wa polepole huwa na tabia ya kuangukia upande lilikoelekea, na pasipo uzito juu yake hakuna cha kulituliza.

Kwa hiyo wazo la kushusha foki lilikuwa na akili. Swali ni: linakupa kiasi gani hasa? Ubishi juu ya jambo hili huwa mkali, lakini ni wachache wanaopiga hesabu, na hesabu yenyewe ni ya darasa la kawaida.

Chukua baiskeli ambayo umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni milimita 1,200, na mhimili wa usukani wake umelala kwa nyuzi 65 kutoka usawa wa ardhi. Ukifupisha foki milimita 30, pua haishuki 30 kamili kwa sababu foki imelala. Inashuka kama 27. Gawanya 27 kwa 1,200, tafuta pembe yake, unapata nyuzi 1.3. Basi. Usukani unasimama zaidi kwa nyuzi 1.3, na bomba la siti, lile la fremu linalobeba siti, nalo linasimama kwa nyuzi hizohizo 1.3, kwa sababu fremu ni kitu kimoja na inazunguka yote kwa pamoja. Ekseli ya pedeli inashuka karibu milimita 10.

Nyuzi 1.3 ni nyingi au chache? Zigeuze ziwe mlima. Zinalingana na mwinuko wa asilimia 2.3. Maana yake, kwa upande wa ukaaji wako, mlima wa asilimia 15 unakuwa kama wa asilimia 12 na nusu. Miguu bado inalipa asilimia 15 zote, hakuna swichi ya kukusamehe hilo, lakini mwili unakaa kama uko kwenye mlima mpole zaidi kidogo. Mtu aliyewahi kupanda muda mrefu bila kupumzika anajua kwamba asilimia 2 za mgongo si za kudharau. Pia anajua kwamba si muujiza.

Sasa linganisha na kitu kingine. Siti ikiwa juu ya ekseli ya pedeli kwa milimita 700 hivi, kuisogeza mbele milimita 16 kwenye reli zake kunabadilisha pembe ya ukaaji kwa nyuzi zilezile 1.3. Unahitaji ufunguo mmoja wa pembe sita na dakika mbili. Haitasimamisha usukani wala kushusha mikono, kwa hiyo si jambo moja kabisa, lakini nusu kubwa ya faida ya kupanda, ile ya nyonga kukaa juu ya pedeli, unaipata bila kugusa foki. Halafu angalia shokapu ya nyuma. Ikiwa ina kijiti cha kuikaza na kikaizuia kuzama milimita 15 nyuma ya baiskeli, hapo umepata kama nyuzi 0.7 nyingine, zaidi ya nusu ya kazi ya foki. Kabla ya kunung'unika kwamba baiskeli yako haipandi, jaribu hayo mawili kwanza.

Viwanda havikungoja hesabu yangu. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 kila mtengenezaji alikuwa na mfumo wake. Marzocchi walikuwa na ETA, iliyoifunga foki chini na kukuachia milimita chache tu za kubonyea. Ilikuwa ya kupandia na si kitu kingine. Manitou walikuwa na mfumo wao wa kushusha foki ukiwa juu ya baiskeli. Fox walileta TALAS, na kwenye foki ya 36 ulikuwa na hatua tatu, 100, 130 na 160, kabla hazijapunguzwa kuwa mbili kwenye matoleo ya baadaye. RockShox walipitia mifumo kadhaa. U-Turn ndiyo iliyopendwa zaidi: Pike ya 2005 ilishuka kutoka 140 hadi 95, na Lyrik iliyofuata kutoka 160 hadi 115. Baadaye ikaja Dual Position Air, ambayo ilidumu hadi zama za Pike mpya.

U-Turn ya springi ya chuma bado naiheshimu. Ukizungusha swichi, kipande cha plastiki kilichojipachika ndani ya springi kinapanda au kushuka kwenye mizunguko yake kama nati kwenye skrubu. Foki ikifupishwa, sehemu ya springi inayofanya kazi inafupika pia, na springi fupi ni ngumu zaidi. Kwa hiyo foki ya milimita 95 haizami hovyo kama vile ungetarajia. Inakuwa ngumu kidogo, ndivyo upandaji unavyotaka. Hakuna sili (mpira wa kuzuia hewa) ya ziada ya kuvuja na hakuna hewa ya kupotea. Kasoro yake ni kwamba lazima uzungushe mara nyingi, huwezi kufanya hivyo vizuri ukiwa unaendesha, na springi ya chuma ina uzito wake. Nikiambiwa nichague mfumo mmoja wa zamani nikae nao, ni huo.

Mifumo ya hewa ilikuwa myepesi na ya haraka, lakini ndani yake mambo ni mengi. Springi ya hewa ya kina kimoja ina vyumba viwili vinavyotenganishwa na pistoni. Chumba cha juu kinakubeba. Cha chini kinaisaidia foki kuanza kubonyea kwenye vijiwe vidogo, kwa kuivuta dhidi ya ile nguvu ya juu. Kuna kijishimo kidogo kwenye ukuta wa bomba, na pistoni inapokipita, hewa ya vyumba viwili inasawazika. Ni mpango rahisi mno, na urahisi huo ndio unaoifanya ifanye kazi msimu mzima bila kelele.

Ukitaka foki hiyo ishuke na kubaki chini, lazima hewa itoke mahali fulani ikakae mahali pengine, na kuwe na vali ya kuizuia isirudi mpaka useme. Kwa hiyo unaongeza bomba ndani ya bomba, vali na sili. Kila sili ni msuguano, na kila msuguano unaonekana kwenye mawe madogo ambayo foki ilipaswa kuyameza kimyakimya. Nafasi nayo inapungua; ndiyo maana chumba cha chini kwenye foki hizi mara nyingi kilikuwa kidogo, na Pike ya Dual Position haikukubali zile tokeni za plastiki ambazo wenzake wa kina kimoja waliwekewa ili foki ikaze kuelekea mwisho wa kubonyea. Mpandaji mzito anayeruka sana hapo alikuwa anakosa kitu cha maana, na mara nyingi alijikuta akiongeza hewa ili foki isigote, kisha analalamika kwamba vijiwe vinamtetemesha mikono. Viwili hivyo ni tatizo moja.

Niliwahi kukaa na foki ya aina hii ambayo baada ya baridi kuingia iligoma kurudi juu. Unageuza swichi, unanyanyua usukani, inapanda nusu, inasimama. Ukiipiga chini mara kadhaa inajikumbuka. Si kila foki ya kubadili kina ilikuwa hivyo, na nyingine zilifanya kazi miaka mingi bila shida. Lakini fundi yeyote aliyefungua springi hizi atakwambia ni zipi alizozifungua mara nyingi.

Matumizi yenyewe yakienda sawa ni matamu, lazima niseme. Unafika chini ya mlima, unageuza swichi kwa kiganja kilichovaa glavu, unalala na uzito wote juu ya usukani. Kuna sauti fupi ya hewa kupita, miguu ya juu inazama na haitoki tena. Ukipima kwa futi kutoka ekseli hadi kwenye taji ya foki, pale miguu miwili inapoungana juu, milimita 30 hazipo. Mlima mzima usukani umetulia, viwiko viko chini, gurudumu la mbele linafuata unakolielekeza. Juu unageuza tena, unaivuta kidogo, inafunguka. Ukikumbuka, maana wapo wengi walioanza mteremko wakiwa na foki imeshuka na wakagundua kwenye kona ya kwanza, pale usukani ulipokuwa mwepesi na mkali kuliko walivyouzoea. Kushuka mteremko mkali na foki fupi ni hatari ya kweli: pua iko chini, kina kimepungua, na uzito wako tayari unasukumwa mbele.

Na kuna kasoro moja inayoniudhi kuliko zote, nayo haihusiani na sili. Ni zile milimita 10 za ekseli ya pedeli. Ukishusha foki, pedeli zinashuka pia. Kwenye barabara pana ya vumbi haijalishi. Lakini kupanda kugumu, kule ambako gurudumu la mbele linapotea kweli na unatamani msaada, ndiko kwenye mawe, mizizi na vidato vya kuparamia. Huko pedeli hugonga. Unakanyaga, mkono wa pedeli unapiga jiwe, mwendo unakatika, unashuka unasukuma. Kwa Lyrik ile iliyoshuka kutoka 160 hadi 115, hesabu inatoa karibu milimita 15. Milimita 15 chini ya pedeli kwenye njia ya mawe ni tofauti kati ya kupita na kugonga. Kwa hiyo foki ya kushusha inasaidia zaidi palepale ambapo msaada hauhitajiki sana, na inaanza kukugharimu pale unapouhitaji. Bionicon, kampuni ya Ujerumani, waliliona hilo mapema. Kwa kitufe kimoja kwenye usukani baiskeli zao zilishusha mbele na kunyanyua nyuma kwa wakati mmoja, kwa hewa iliyopita kwenye mpira uliounganisha foki na upande wa nyuma. Pembe zinabadilika, pedeli hazizami. Katikati ya miaka ya 2010 Canyon wakaja na Strive yenye Shapeshifter, wakaiacha foki ilivyo na kubadilisha upande wa nyuma. Kwa mawazo, hao wote wawili walikuwa mbele ya mtu aliyeshusha pua peke yake.

Kilichoiua foki ya kubadili kina, hata hivyo, si kasoro zake. Ni fremu. Mwishoni mwa miaka ya 2000 fremu ya kawaida ya foki ya 160 ilikuwa na bomba la siti la nyuzi 72 au 73. Leo fremu za kundi hilohilo zina 76, 77, nyingine 78. Tofauti ya 73 na 77 ni nyuzi nne. Kumbuka kwamba kushusha foki milimita 30 kulikupa 1.3. Fremu ya leo imekupa mara tatu ya hiyo, bila swichi, bila sili, bila pedeli kushuka, na haitoki ukisahau. Pamoja na hilo fremu zenyewe zimerefuka mbele, kwa hiyo hata ukikaa wima juu ya pedeli mikono haibanwi, na gurudumu la mbele liko mbali vya kutosha kukataa kunyanyuka.

Mambo mengine mawili yalisaidia. Nguzo ya siti inayoshuka kwa kitufe ilienea, hasa baada ya RockShox kutoa Reverb mwaka 2010, na wabunifu wakawa huru kuisogeza siti mbele bila kuhofia kwamba itamgonga mpandaji kifuani wakati wa kuteremka, kwa kuwa wakati huo siti haipo. Halafu gia. Kaseti (rundo la gia za nyuma) ya meno 10 hadi 42 ya kampuni ya SRAM ilitoka 2012, na ya 10 hadi 50 mwaka 2016. Mtu anayezungusha pedeli taratibu akiwa amekaa hatupi uzito huku na kule kama yule anayesukuma gia nzito kwa kuning'inia kwenye usukani, na foki yake haipati sababu ya kucheza.

Ndiyo maana ukisoma orodha za foki za leo utaona majina yale yote yamepungua hadi karibu hakuna. Kuna wanaohuzunika na kusema viwanda vimetunyima chaguo. Sioni hivyo. Tulikuwa tunabeba dawa ya ugonjwa wa fremu ndani ya foki, na fremu imepona.

Lakini fremu yako wewe je? Hapo ndipo mjadala unapobaki hai. Tafuta jedwali la vipimo vya fremu yako, angalia pembe ya bomba la siti. Ikiwa ni 75 au zaidi, sioni cha kujadili. Ikiwa ni 73 au chini, na foki ni 150 au zaidi, endelea kusoma. Ukiwa na miguu mirefu, kuwa mwangalifu zaidi na jedwali hilo. Namba inayoandikwa hupimwa kwa siti ya urefu wa wastani, na kwenye fremu nyingi bomba lenyewe limelala kuliko namba inavyosema. Kadiri unavyoinyanyua siti, ndivyo inavyokupeleka nyuma. Mtu mrefu kwenye fremu ya nyuzi 73 anaweza kuwa anakaa kwenye 71 bila kujua, na yeye ndiye ambaye swichi ile ilimpa nafuu ya kweli kuliko wenzake wafupi.

Jambo la pili ni umbo la njia zako. Kama siku yako ni kupanda kwa muda mrefu kwenye barabara laini, kisha kuteremka kwa muda mrefu, foki ya kubadili kina inafanya kazi yake vizuri: unageuza mara moja chini, mara moja juu. Hiyo ndiyo safari iliyobuniwa kwa ajili yake. Kama njia zako ni za kupanda na kushuka kila baada ya dakika, hutaigusa. Mikono ina breki, gia, na kijiti cha siti tayari. Wengi wa watu niliowaona wakiendesha foki hizi kwenye njia za mawimbi waliiacha juu muda wote, na kwa hiyo walikuwa wamebeba uzito na msuguano wa kitu wasichokitumia.

Kwa hao wenye fremu ya zamani ningeanza na siti mbele, kijiti cha shokapu kimekazwa, na kuondoa wosha moja chini ya stemu, kile kipande kinachoshika usukani, ili usukani ushuke. Ukishafanya hayo, panda mlima ule unaokusumbua. Jikunje viwiko kuelekea chini, si kuelekea nje, na usogee kwenye ncha ya siti pale panapoinuka zaidi. Hilo peke yake linahamisha nyonga kuliko milimita zozote tulizozitaja. Bado pua inaelea? Basi ama foki ni ndefu mno kwa fremu, ama ni kweli unahitaji swichi.

Uwezekano wa kwanza watu huusahau. Foki za kina kimoja nyingi hazijafungwa kwenye kina chake maisha. Kwenye Pike, Lyrik au Fox 36 unabadilisha shafti ya springi ya hewa, na 160 inakuwa 150 au 140. Foki kadhaa za zamani, na Mezzer ya Manitou ya sasa, zinatumia vipande vya plastiki ndani: unaviongeza, foki inafupika, unaviondoa, inarefuka. Ni kazi ya jioni moja kwa mtu mwenye vifaa, na inafaa kuunganishwa na huduma ya miguu ya chini ambayo RockShox huishauri kila saa 50 za kuendesha, kwani foki imeshafunguliwa na mafuta yameshamwagwa. Fremu iliyochorwa kwa 140 ikawekewa 160 na mtu mwenye tamaa huwa inapanda vibaya kwa sababu hiyo tu. Irudishe 150, utaona. Na kabla ya kurefusha, soma kikomo cha mtengenezaji wa fremu. Foki ndefu kupita kiasi inaongeza mzigo kwenye shingo ya fremu, na watengenezaji wengi hukataa dhamana ya fremu iliyovunjikia hapo.

Ukibaki na nia ya swichi, utakuwa unatafuta iliyotumika. Usiridhike na picha. Ijaze hewa kwa uzito wako, ishushe, kisha isimamishe baiskeli usiku kucha bila kuigusa. Asubuhi pima. Ikiwa imejinyanyua yenyewe, vali ya ndani haishiki. Irudishe juu, pima kipande cha bomba linalong'aa kinachoonekana: kikiwa kifupi kwa zaidi ya milimita chache kuliko kina kilichoandikwa, hewa imehamia chumba ambacho haikutakiwa kukaa na foki inajivuta chini. Ibonyeze polepole kwa kiganja ukisikiliza kama inaanza kusogea kwa mkwaruzo au kwa ulaini. Chunguza mabomba ya juu kwenye mwanga wa pembeni, hasa upande wa nyuma ambako macho hayafiki, uone kama rangi yake imelika. Halafu, kabla hujatoa fedha, hakikisha kwamba seti ya sili za springi hiyo, ya mwaka huohuo na modeli hiyohiyo, bado inauzwa mahali fulani. Damu ya foki hizi ni sili, na baadhi zimeacha kutengenezwa. Muuzaji akikwambia "haijawahi kufunguliwa", mwelewe vizuri: anakuuzia foki pamoja na huduma ambayo yeye hakuifanya.